Akiba ya Msafiri na Bei ya Fedha: Mfano wa Mnyuzi, 1904–1992

Yameandikwa mengi juu ya mkonge wa Tanga, juu ya reli, na juu ya watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba yale. Habari za mshahara wao nazo zimeandikwa. Lakini liko jambo moja ambalo nadhani halikutazamwa inavyostahili, nalo ni ile akiba ndogo iliyobaki baada ya mshahara kutumika. Siku mwenyewe alipotaka kuondoka nayo kwenda nchi nyingine yenye fedha nyingine, akiba hiyo ilihesabiwaje? Ni nani aliyeamua bei yake? Na mwenye akiba, je, aliweza kujua habari hiyo kabla ya kufunga mzigo wake? Makala haya yanajaribu kulitazama jambo hilo kwa kuchukua mfano wa mahali pamoja, yaani Mnyuzi.

Mnyuzi ni mahali padogo katika wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, si mbali na Hale na mto Pangani. Wenyeji wa pande zile ni Wabondei, Wasambaa na Wazigua, na nchi ya Wazigua yaendelea ng'ambo ya mto mpaka Handeni. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita Mnyuzi na kufika Korogwe mwaka 1902. Na mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kutoka Mnyuzi hadi Ruvu, ikaiunganisha reli ya Tanga na reli ya kati, hata Mnyuzi ikawa njia panda. Hivyo kwa muda mrefu kituo hiki kilipitiwa na watu wa namna nyingi: walowezi wa Kijerumani, Wahindi wenye maduka, Wagiriki na Waingereza wenye mashamba, na manamba kutoka Urundi, Rwanda na Msumbiji. Watu hawa hawakulingana kwa mali wala kwa cheo. Lakini katika jambo moja walilingana: kila mmoja wao alichuma fedha ya nchi hii akiwa na nia ya kuitumia siku moja katika nchi nyingine.

Kabla ya kuendelea yafaa tuyatazame maneno, maana mara nyingi lugha huhifadhi yale ambayo vitabu vya hesabu vimeyasahau. Neno fedha asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni yale madini meupe. Pesa na rupia zimetoka Bara Hindi. Shilingi ni ya Waingereza, na faranga, wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ni ya Wafaransa na Wabelgiji. Hata neno sarafu, ambalo kwetu ni kipande cha madini tu, latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuza na kubadilisha fedha. Basi twaona kwamba fedha zetu karibu zote zimekuja na majina yake kutoka ng'ambo, na kwamba wazo la kubadilisha limo ndani ya lugha tangu zamani.

Neno moja kati ya hayo lina historia ya kuangaliwa zaidi. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliamuru kwamba rupia igawanywe katika heller 100, badala ya pesa 64 za zamani, na kwamba rupia 15 zihesabiwe sawa na maki 20 za Ujerumani. Sarafu ile ya heller haikudumu sana, kwa maana utawala wenyewe uliondoka baada ya miaka michache. Lakini jina lake, hela, lilibaki midomoni mwa watu, na hata leo ni jina la fedha yoyote iwayo. Sarafu imekufa, na jina lingali hai. Nadhani hilo latuonyesha jinsi watu walivyoitazama fedha: wao walijua kwamba sarafu huja na kuondoka pamoja na serikali, bali haja ya kuwa na kitu mfukoni haiondoki.

Sasa tutazame mtihani wa kwanza. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza mlowezi wa Kijerumani mwenye rupia 15,000 alikuwa na maki 20,000, na hesabu hiyo haikubadilika mwaka hata mwaka. Mtu mwenye busara aliipeleka akiba yake benki huko Ujerumani, akaiona iko salama kuliko kukaa nayo huku porini. Vita vilipoanza mwaka 1914, bahari ikafungwa, na fedha kutoka Ulaya zikakoma kuja. Noti za muda zikachapishwa humu nchini kwa jina la Deutsch-Ostafrikanische Bank, na mwaka 1916 huko Tabora zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Katika mwezi wa Juni mwaka huohuo majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa njia ya reli yakaishika Korogwe, kisha Handeni. Na mwezi wa Julai Tanga ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kwa majuma machache tu Mnyuzi ilikuwa imebadili serikali.

Aliyekuwa na noti za muda alijikuta ana karatasi zisizo na mlipaji. Aliyekuwa na rupia za madini alikuwa na afadhali, maana madini yana uzito wake hata mfalme akiondoka. Ama yule mwenye busara aliyeipeleka akiba yake Ujerumani, mwisho wake ndio uliokuwa mbaya kuliko wote. Wajerumani wengi walirudishwa kwao vita vilipokwisha, na huko waliikuta maki inaporomoka. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilipata maki 4 na kitu; mwezi wa Novemba 1923 dola hiyohiyo ilipata maki trilioni 4 na zaidi. Maki 20,000, ambazo zamani zingetosha kumwanzishia mtu maisha, hazikuweza kununua hata kiberiti. Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba kuipeleka akiba nyumbani mapema si salama daima. Nyumbani nako kuna bei ya fedha, na bei hiyo haimwulizi mtu alisafiri lini.

Mtihani wa pili ulikuja mara baada ya huo, nao uliwagusa zaidi Wahindi na Waingereza. Waingereza walipoitwaa nchi, fedha iliyotumika ilikuwa rupia ya Kihindi. Kabla ya vita rupia hiyo ilikuwa sawa na shilingi moja na peni 4 za Kiingereza, yaani rupia 15 kwa pauni moja. Lakini bei ya fedha, hayo madini meupe, ilipanda sana duniani, na rupia ikapanda nayo. Mwanzo wa mwaka 1920 ilikuwa imepita shilingi mbili na peni sita. Serikali ya Uingereza ikaona haifai Afrika Mashariki kuyumbishwa na Bara Hindi, ikaamua kwamba rupia ya huku ihesabiwe kuwa shilingi mbili kamili. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeundwa London mwaka 1919, ikatoa florini ya shilingi mbili. Na baada ya muda mfupi florini nayo ikaiachia nafasi shilingi, ambayo sarafu zake za kwanza zina tarehe ya 1921.

Hebu tuzipime hesabu. Mtu aliyeweka akiba ya rupia 1,500 zamani alikuwa na pauni 100. Kwa amri moja alikuwa na pauni 150. Lakini mwenziwe aliyekopa rupia 1,500 alipewa pauni 100 naye sasa alidaiwa pauni 150, hali mvua haikuongezeka wala shamba halikupanuka. Tena, katika mwaka 1921 rupia ya Bara Hindi ilikuwa imerudi chini karibu na bei yake ya zamani. Mwenye duka aliyetaka kupeleka akiba yake Bara Hindi wakati huo aliweza kupata kama rupia 2,250 kwa zile 1,500 alizokusanya. Ndiyo sababu watu walianza kuleta rupia kutoka Bara Hindi ili wazigeuze huku, hata serikali ikalazimika kuipiga marufuku biashara hiyo. Hapa twaona faida mahali ambapo kwanza tuliona hasara. Lakini faida na hasara zote mbili zilitoka mahali pamoja, yaani katika uamuzi uliofanywa mbali, na mwenye akiba hakuwa na sauti ndani yake.

Baada ya hayo ikafuata miaka mingi ya utulivu. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na hesabu hiyo haikuguswa kwa zaidi ya miaka 40. Watu waliohamia Uingereza, au waliotoka Nyasaland ambako pauni ilitumika vilevile, hawakuwa na hofu juu ya bei ya fedha. Hofu ilibaki kwa yule ambaye nchi yake haikuwa chini ya pauni, naye alikuwa mtu mnyonge kuliko wote: manamba wa Urundi, Rwanda au Msumbiji.

Neno manamba limetokana na namba, kwa sababu kila mtu aliyeandikwa kazi alipewa namba yake. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuandika wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, nalo lilileta watu kutoka mbali sana. Mtu alifanya kazi kwa kipande cha siku 30. Siku asiyofika haikuhesabiwa. Kutokana na malipo ya vipande hivyo ndipo alipoweka akiba, shilingi moja baada ya nyingine, mpaka siku ya kurudi kwao.

Tuchukue mfano wa mtu wa Urundi aliyemaliza muda wake Mnyuzi mwaka 1949 akiwa na shilingi 200, yaani pauni 10. Kwao zilitumika faranga za Kongo ya Wabelgiji, zilizokuwa na bei sawa na faranga za Ubelgiji. Mpaka katikati ya Septemba pauni moja ilikuwa karibu sawa na faranga 176 na nusu. Kwa hiyo akiba yake ilikuwa faranga 1,766 hivi. Tarehe 18 Septemba 1949 serikali ya Uingereza ilitangaza kuipunguza thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Wabelgiji nao walipunguza thamani ya faranga yao, lakini kwa kiasi kidogo tu. Basi pauni ikawa sawa na faranga 140, na zile shilingi 200 zikawa faranga 1,400. Kadhalika mtu wa Msumbiji, ambaye zamani pauni moja ilimpatia eskudo 100, sasa ilimpatia eskudo 80 na nusu. Kila mmoja wao alipoteza karibu sehemu moja katika tano ya akiba yake, na shilingi zake zote zilikuwa bado zimefungwa katika kitambaa, haikupungua hata moja.

Ni kweli kwamba wengi wao hawakubadilisha fedha katika benki, bali kwa wachuuzi wa mpakani, na bei ya mchuuzi si bei ya serikali. Lakini mchuuzi naye ana masikio, na bei ikishuka benki hukawii kuiona imeshuka mpakani pia, tena zaidi. Kwa kipimo cha kazi, mtu aliyetumikia vipande 10 alikuwa kana kwamba amenyang'anywa viwili. Hakuna msimamizi aliyemkata mshahara, hakuna mwizi aliyemvizia njiani. Uamuzi ulifanywa London kwa sababu za London, na yeye alikuwa katika mkonge akikata majani.

Hapa ndipo penye neno ninalotaka kulisema hasa. Imekuwa desturi kuwacheka manamba kwamba walipolipwa fedha yao ya mwisho waliimaliza madukani kwa kununua baiskeli, cherehani, mablanketi, kanga na masufuria, wakarudi kwao na mizigo badala ya akiba. Watu waliosoma waliita jambo hilo ujinga au tamaa. Mimi naona yatupasa kulipima upya. Mtu aliyenunua baiskeli ya Kiingereza katika duka la Korogwe kwa shilingi, mnamo Oktoba 1949, aliinunua kwa fedha ambayo bado ilikuwa na nguvu yake juu ya bidhaa za Uingereza, kwa sababu shilingi na pauni zilishuka pamoja. Baiskeli hiyo ilipovuka mpaka ilibaki ni baiskeli. Haikupoteza sehemu moja katika tano. Mwenziwe aliyebeba shilingi ndiye aliyepoteza. Basi yule aliyechekwa alikuwa amefanya lile ambalo mfanya biashara mkubwa angelifanya: aliihamisha akiba yake kutoka katika kitu ambacho bei yake yaamuliwa na wengine, akaitia katika kitu ambacho matumizi yake ayajua mwenyewe.

Sisemi kwamba kila manamba alizijua habari za pauni na dola. Hapana shaka wengi walinunua kwa sababu walihitaji, au kwa sababu ilikuwa aibu kurudi mikono mitupu. Wala vitu havikukosa hatari zake: baiskeli huibwa, kanga huliwa na mende. Nisemalo ni kwamba desturi ya watu walioona fedha tatu au nne zikija na kuondoka katika maisha ya baba na mtoto si ujinga. Hiyo ni elimu iliyopatikana kwa gharama, ingawa haikuandikwa.

Mtihani wa tatu ulikuja baada ya uhuru. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikaanza kwa bei ileile ya 20 kwa pauni. Tarehe 18 Novemba 1967 Uingereza ikaipunguza tena thamani ya pauni, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Safari hii Tanzania, Kenya na Uganda hazikufuata, na pauni moja ikawa shilingi 17 na senti 14. Mtu aliyekuwa akijiandaa kwenda Uingereza na shilingi 2,000, kama alizipeleka mwezi wa Oktoba kwa hofu, alipata pauni 100. Aliyechelewa kwa uvivu mpaka Desemba alipata pauni 116, shilingi 13 na peni 4. Haraka ilimtia mtu hasarani, na uvivu ukampa mwingine thawabu. Lakini bei pekee haikutosha tena. Mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa Azimio la Arusha. Mabenki yalitaifishwa mwezi wa Februari, na mashamba mengi ya mkonge yakaingia mikononi mwa umma mwezi wa Oktoba. Kutoa fedha nchini kulihitaji ruhusa ya serikali. Kwa hiyo mwenye akiba alikuwa na maswali mawili badala ya moja: itakuwa na bei gani, na je, itaruhusiwa kutoka?

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwanzo wa mwaka 1986 dola moja, kwa bei ya serikali, ilikuwa kama shilingi 17. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepita shilingi 50. Shilingi 100,000 zilizokuwa dola 5,900 kwenye karatasi zikawa chini ya dola 2,000. Nasema kwenye karatasi, kwa sababu walioweza kuipata dola kwa bei ya serikali walikuwa wachache. Wengine waliijua bei ya magendo tu. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ikafungua mlango wa maduka ya kubadilishia fedha, na tangu hapo mtu aliweza kuitazama bei ya siku ubaoni. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ubao huonyesha bei ya leo tu; bei ya kesho haiandiki.

Mimi mwenyewe nililionja jambo hili. Katikati ya mwaka 2008 nilikuwa najiandaa kwenda Uingereza kwa masomo ya udaktari. Nilihofu kwamba shilingi itashuka, nikazigeuza akiba zangu mapema kwa bei ya kama shilingi 2,300 kwa pauni. Shilingi ilishuka kweli mbele ya dola, kama nilivyohofu. Lakini katika msukosuko wa mabenki ya dunia pauni ilishuka zaidi, na mwanzo wa mwaka 2009 pauni moja ilipatikana kwa chini ya shilingi 2,000. Nilikuwa nimekisia sawasawa upande mmoja wa mizani, nikausahau upande wa pili. Nilijiona mjinga, mpaka nilipoanza kuzisoma habari nilizozieleza hapa. Ndipo nilipotambua kwamba bei ya fedha daima ni habari ya nchi mbili, na kwamba mtu anayeijua nchi yake vizuri amejua nusu tu ya jambo.

Sasa tujumlishe. Katika mitihani hii hatuwezi kupata kanuni moja ya kumfaa kila msafiri. Aliyetuma mapema aliangamia mwaka 1923, na yule wa 1967 alipata hasara. Aliyengoja alifaidika mwaka 1921 na 1967, lakini wa 1949 na 1986 aliumia. Asemaye kwamba anaijua siku njema ya kubadilisha fedha anajidanganya. Liwezekanalo ni lile walilolifanya watu wa Mnyuzi bila kufundishwa na mtu: kutoiweka akiba yote katika fedha moja wala katika siku moja, sehemu ibadilishwe leo, sehemu baadaye, na sehemu igeuzwe kitu chenye manufaa huko uendako.

Tena liko deni kwa upande wa wanahistoria. Tumezoea kuihesabu jasho ya mfanya kazi kwa mshahara aliolipwa, tukaishia hapo. Nadhani hesabu hiyo haijakamilika mpaka tuulize mshahara huo ulinunua nini mahali alipokwenda kuutumia. Kwa maelfu ya watu waliopanda gari la moshi pale Mnyuzi na mizigo yao, jibu la swali hilo halimo katika daftari la shamba, bali katika bei iliyotangazwa mbali, siku ambayo wao hawakuijua.